Laini Iliyopewa Mteja Mwingine

Saa tatu asubuhi ya Ijumaa, Dobi alikuwa ameshapiga pasi mashati kumi na moja ya wafanyakazi wa benki aliposikia bintiye akikimbia uani. Hakuwa mtu wa kukimbia, binti yule. Alikuwa na mwendo wa pole, kama anayepita katikati ya watu waliolala. Kwa mwendo huo, na kwa tabia yake ya utotoni ya kuwafunga bendeji kuku wa majirani, uani wote walimwita Nesi. Dobi aliinua pasi ya mkaa, akaiweka juu ya kigae chake, akasubiri.

"Baba, nimechaguliwa."

"Wapi?"

"Chuoni, baba. Chuo cha uuguzi. Majina yametoka wiki mbili zilizopita na sisi hatujui. Rafiki yangu ameniona kwenye orodha, mimi ni wa thelathini na nane. Ananiuliza mbona sijathibitisha."

Dobi akaketi. Aliketi juu ya rundo la mashuka ya nyumba ya wageni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi, kwa maana nguo ya mteja haikaliwi. Shangazi, dada yake Dobi aliyehamia kwao baada ya msiba, akachungulia mlangoni na ndoo mkononi.

"Nani kafa tena?"

"Hajafa mtu. Nesi kachaguliwa chuo."

Shangazi alipiga kigelegele, akakikatiza katikati alipoona uso wa binti.

"Mbona umenuna kama umefukuzwa?"

"Kuthibitisha, shangazi. Lazima uingie kwenye tovuti ya chuo, ubonyeze kwamba nafasi unaitaka. Mwisho ni leo saa kumi na moja jioni. Usipobonyeza wanampa mwingine."

"Sasa si ukabonyeze! Au unasubiri tukupeleke na tarumbeta?"

Nesi akacheka, na Dobi akacheka, na kwa muda mfupi chumba kile chenye joto la makaa na harufu ya wanga kilikuwa chumba cha watu wenye bahati.

Simu pekee ya nyumba ilikuwa ya Dobi, ya vitufe, nzuri kwa kupokea na kupiga tu. Kwa hiyo Nesi akaenda kwa Kasi.

Kasi alikuwa na kibanda cha kompyuta karibu na kinyozi. Jina hilo alipewa na wateja wake, kwa kejeli, kwa sababu ya mtandao wake. Alikuwa na kompyuta tatu. Moja ilikuwa nzima, ya pili ilitaka kupigwa kofi ubavuni ndipo iwake, na ya tatu ilikuwepo ili kibanda kionekane kimejaa.

"Kaa ile ya ukutani," alisema Kasi. "Leo ina adabu."

Nesi aliketi. Kiti kilikuwa kilekile. Mwaka uliopita alikuwa amebanana hapo na mama yake, nusu kiti kila mmoja, wakijaza fomu ya maombi. Mama ndiye aliyeandika namba yake ya simu, kwa sababu Nesi hakuwa na simu na mama alitaka habari zimfikie yeye wa kwanza. Neno la siri pia alilitunga mama. Nesi alipotaka kuliandika pembeni ya daftari, mama alimzuia. Karatasi huibwa, alisema, kichwa hakiibwi. Miezi miwili baadaye aliugua, na kabla mvua hazijaisha wakamzika.

Kiduara kilizunguka kwenye kioo. Kikazunguka. Kasi akainama nyuma ya mashine, akachomoa waya na kuuchomeka tena. Ukurasa ukafunguka, wa bluu, ukiwa na picha ya wasichana watatu waliovaa sare nyeupe na kucheka na mtu asiyeonekana. Nesi aliandika namba yake ya maombi bila kuitazama popote. Kwenye neno la siri alijaribu jina lake, akajaribu mwaka wa kuzaliwa kwake, kisha akabonyeza maandishi madogo yaliyosema: Umesahau?

"Tumetuma namba ya tarakimu sita kwenye simu inayoishia na 47. Namba hiyo itatumika kwa dakika tano."

"Arobaini na saba ni ya nani?" aliuliza Kasi.

"Ya mama."

"Basi si umpigie, akusomee..." Kasi mwenyewe alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Alijikuna shingo kwa muda mrefu. "Nisamehe, mdogo wangu. Mdomo huu."

"Si kitu, kaka."

Na kwa kuwa hakujua la kufanya na aibu yake, Kasi akafanya alichofanya kwa kila tatizo: akabonyeza tena. Kompyuta ikasema imetuma namba nyingine.

Laini ya mama ilikuwepo. Dobi aliitunza mwenyewe. Siku ya tatu baada ya mazishi alifungua simu ya mkewe, akatoa ile laini ndogo, akaikunja ndani ya kipande cha shuka jeupe na kuiweka kwenye kopo la vifungo. Simu yenyewe iliuzwa kumlipa daktari, lakini laini hakuna aliyeigusa.

Ilikuwa namna yake ya kufanya kazi. Kwenye kamba ya nyuma ya duka lake kulikuwa na suti ya bwana harusi iliyokaa miaka saba bila mwenyewe kurudi, na gauni la ubatizo la mtoto ambaye sasa bila shaka alikuwa na ndevu zake au watoto wake. Madobi wengine huuza. Yeye kila baada ya miezi michache alizikung'uta, akazipiga pasi upya, akazirudisha kwenye kamba. Kitu ukikitunza vizuri, aliamini, kinabaki kuwa cha mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba laini ya simu haitunzwi kwa kuwekwa.

Nesi alipokuja mbio na kumweleza, Dobi alifungua kopo kwa fahari kidogo. "Mnaniona mimi mshamba," alisema, "lakini angalia. Ipo kama siku ile."

Waliipachika kwenye simu yake, wakaipeleka kibandani. Kasi akaomba namba kwa mara ya tatu. Wote watatu wakaitazama simu juu ya meza. Simu ikaandika kwamba hakuna mtandao. Dobi akaitoa laini, akaipuliza, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha.

"Hakuna mtandao," Nesi alisoma.

"Labda humu ndani. Tutoke nje."

Walitoka nje. Dobi aliinyanyua simu juu ya kichwa chake, akageuka huku na huku katikati ya barabara, na watu waliokuwa wakinyolewa wakageuza shingo kumtazama.

Kwenye duka la kampuni ya simu walipewa kikaratasi cha namba mia moja na tisa. Kioo kilikuwa kikionyesha sitini na mbili. Walikaa kwenye viti vya chuma vilivyounganishwa, vya baridi, chini ya picha ya familia inayocheka na simu zao. Dobi alikuwa amebadilisha shati. Lilinyooka kiasi kwamba mlinzi alimwita bosi, kisha akaona ndala zake na hakurudia tena.

Ilikuwa saa nane na robo walipoitwa. Msichana wa dirishani alikuwa mpole, na hiyo ndiyo ilikuwa shida, kwa sababu hawakupata hata mtu wa kumkasirikia.

"Mwenye laini aje mwenyewe, mzee wangu."

"Mwenye laini ni mke wangu. Amefariki."

"Pole sana. Mna cheti?"

Dobi alikuwa nacho. Alikuwa amekileta ndani ya mfuko wa nailoni, kimepigwa pasi. Msichana alikisoma, akaandika namba kwenye kompyuta yake, akasubiri, na uso wake ukabadilika kidogo.

"Mzee, laini isiyotumika siku mia na themanini inarudi kwa kampuni. Hii imeshapewa mteja mwingine."

"Mteja gani?"

"Siwezi kukuambia. Ni siri ya mteja."

"Binti yangu, amepewaje na mimi ninayo? Hii hapa." Alikifungua kile kipande cha shuka juu ya kaunta.

Msichana aliitazama laini, akamtazama Dobi. "Hiyo ni plastiki tu, mzee," alisema taratibu. "Namba yenyewe haimo humo."

Dobi aliikunja tena. Ilimchukua muda, kwa sababu aliikunja vizuri, pembe kwa pembe, na nyuma yake mtu wa mia moja na kumi alikuwa ameshaanza kuguna.

"Dada," alisema Nesi, na sauti yake ilikuwa ndogo mno hadi msichana akasogeza sikio kwenye tundu la kioo. "Huwezi kumpigia wewe huyo mteja? Umwambie tu kuna namba sita. Asome mara moja tu."

"Ningekusaidia, mdogo wangu. Lakini namba kama hizo sisi wenyewe ndio tunaowaambia wateja wasimpe mtu. Wanaibiwa sana."

Walipofika mlangoni simu ya Dobi, iliyokuwa imerudishiwa laini yake, ililia. Ilikuwa meseji ya kampuni. Ilimuuliza kama ameridhika na huduma aliyopata leo, na kama ameridhika sana abonyeze moja.

"Tumpigie wenyewe," alisema Nesi njiani. "Namba si tunaijua?"

Dobi aliongeza mwendo. Kuipiga namba ile lilikuwa jambo ambalo wote wawili, kila mtu kivyake, walikuwa wameshaliwaza na kulikimbia.

Shangazi alikuwa ameshafika kibandani akiwasubiri. Saa ya ukutani ilisema kumi na dakika ishirini. Dobi alitafuta jina kwenye simu yake. Alikuwa amelihifadhi hivi: Mke Wangu. Akabonyeza, akaiweka sikioni. Upande wa pili kukaanza kuita.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, nzito kidogo. "Haloo? Nani mwenzangu?"

Dobi alifungua kinywa. Muda wote ule, sehemu fulani ya akili yake, sehemu ya kijinga, ilikuwa ikitegemea sauti nyingine.

"Kama husemi nakata."

Shangazi akampokonya simu. "Usikate! Wewe ndiye uliyechukua laini ya watu?"

"Nini?"

"Laini! Ya marehemu! Tunataka namba zilizoingia humo, sasa hivi!"

"Kumbe ndio nyinyi," ilisema sauti. "Tangu asubuhi mnanitumia vinamba. Mmenikosa mara hii, wezi wakubwa!" Na simu ikakatwa.

"Shangazi!" alisema Nesi.

"Kwani nimesema uongo?"

"Unaombaje kitu kama unadai deni?" Dobi alimwambia dada yake. "Kaa. Kaa hapo, usiguse kitu."

Huyo mwanamke alikuwa ameketi kwenye ngazi za jengo la ghorofa nne ambalo alilifagia kila siku, kutoka juu kwenda chini. Mwaka jana alipigiwa simu na kijana mwenye adabu nyingi aliyemwita mama, aliyemwambia ametumiwa namba kimakosa, naomba unisomee mama yangu. Alimsomea. Kwa zile tarakimu chache ikaondoka akiba yote aliyoiweka kwa ajili ya goti lake. Aliitupa laini ile, akanunua hii mpya, akajiapiza. Sasa meseji tatu za vinamba kwa siku moja, na mwanamke anayepiga kelele. Simu ikaita tena. Aliipokea kwa sababu alitaka kutukana.

"Shikamoo mama," ilisema sauti ya msichana.

"Umenipata wapi mimi kuwa mama yako?"

"Nisamehe. Yule alikuwa shangazi yangu, ana wasiwasi tu. Mimi ni mwanafunzi. Namba yako zamani ilikuwa ya mama yangu, ndiyo tuliyoiandika chuoni. Nimechaguliwa, na namba ya kuingilia inakuja kwako. Mwisho ni leo saa kumi na moja."

"Mwambie huyo mama yako anipigie yeye."

"Amefariki, mama."

"Ehe! Nilijua. Kila mwizi ana msiba."

Nesi alifumba macho. Kasi alimtazama baba mtu, kisha akatazama kibodi. Nesi alipozungumza tena sauti yake haikupanda.

"Una haki ya kutoniamini. Lakini wiki mbili zilizopita hukupata meseji nyingine? Ya hongera, umechaguliwa?"

"Nilipata," alisema mwanamke. "Nikaifuta. Hongera zote ni za matapeli. Mimi nani wa kunipa hongera?"

"Ilikuwa yangu, mama."

Ufagio ulisikika ukianguka mahali.

"Haya. Tuma tuone."

Kasi aliinua kidole. "Imeandika hapa, imebaki mara moja," alinong'ona. "Baada ya hapo inafunga mpaka kesho."

"Bonyeza," alisema Nesi.

Kasi akabonyeza. Juu ya ukurasa ikaanza kuhesabu kurudi nyuma, tano na sifuri sifuri, nne na hamsini na tisa.

"Imeingia," alisema mwanamke. "Ngoja niisome. Miwani... Imeandikwa, namba yako ya uthibitisho ni... ngoja. Hapa chini wameandika kwa herufi kubwa. USIMPE MTU YEYOTE NAMBA HII." Akaisoma tena. "Wenyewe wameandika. Usimpe mtu yeyote. Hata mfanyakazi wetu."

"Ni kweli, mama, huwa wanaandika hivyo, lakini—"

"Na kijana yule naye alisema lakini."

Simu ikakatwa. Nesi akapiga, ikaita mpaka mwisho. Akapiga tena. Tatu na sekunde tano, ilisema kompyuta, kisha mbili na sekunde hamsini. Dobi alikuwa amesimama mlangoni, mgongo wake kwao, akiangalia barabara kama mtu anayesubiri mzigo. Shangazi alikuwa akiomba kimyakimya, midomo tu.

Kisha simu ikalia.

Iliita juu ya meza, ikitetemeka na kujisogeza pembeni, na kwenye kioo chake kidogo ikaandika: Mke Wangu anapiga.

Hakuna aliyeigusa. Dobi alikuwa amegeuka. Walikuwa hawajayaona maneno yale tangu mama alipokuwa akipiga kuuliza kama chumvi ipo nyumbani. Simu ikaita mara ya pili, ya tatu, ndipo Nesi akanyoosha mkono.

"Nijibu swali moja tu," alisema mwanamke. Alikuwa anahema. "Huyo mama yako alikuwa anafanya kazi gani?"

"Msusi. Alikuwa anasuka nywele."

"Wananipigia mpaka leo," alisema mwanamke, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wanauliza, msusi upo? Wanataka kusukwa. Mmoja alipiga mwezi mzima, nikamtukana. Mungu wangu. Mwanangu, shika kalamu."

Kompyuta ilisema sifuri na arobaini.

"Soma, mama. Soma tu."

"Ngoja niitoe simu sikioni niifungue meseji... nabonyeza wapi sasa hapa... nane..."

Mlio. Alikuwa amebonyeza kitufe chekundu.

Nesi alipiga papo hapo, lakini mwanamke naye alikuwa akimpigia yeye, na simu zote mbili zikaambiana kwamba mteja anatumia simu. Wakapigiana tena wote wawili. Ndipo Nesi akaacha, akaweka mikono mapajani, akasubiri, na huko kusubiri kulikuwa kugumu kuliko yote aliyoyafanya siku ile. Simu ikalia. Mwanamke alisoma tarakimu sita moja baada ya nyingine, kwa sauti kubwa, kama anamsomea kiziwi, na Kasi akaandika kila moja ilipotoka kinywani mwake.

Kiduara kikazunguka.

"Muda wa namba hii umekwisha. Umefikisha idadi ya mwisho ya maombi. Tafadhali jaribu tena baada ya saa ishirini na nne."

"Imekubali?" iliuliza simu. "Mwanangu? Imekubali?"

Nesi aliiweka chini bila kuikata. Ilikuwa Kasi aliyeinama na kusema, "Tutakupigia, mama," akaikata.

Ilikuwa saa kumi na dakika thelathini na mbili. Walipiga namba ya chuo. Sauti iliyorekodiwa iliwashukuru, ikawaambia kwa udahili wabonyeze mbili, wakabonyeza, ikawaambia wahudumu wote wanahudumia wateja wengine, ikawapigia muziki wa kinanda mpaka salio la Kasi likaisha. Kasi aliandika barua pepe ndefu yenye makosa mengi. Jibu lilikuja kabla hajaondoa mkono kwenye kibodi, na kwa sekunde moja wote wakainuka. Lilisema kwamba barua hii imetumwa na mashine, tafadhali usiijibu. Chuo chenyewe kilikuwa mwendo wa kutwa kwa basi.

Saa kumi na moja kamili Kasi alifungua tena ule ukurasa. Wasichana watatu walikuwa bado wanacheka. Mahali palipokuwa na kitufe cha kuthibitisha palikuwa pameandikwa kwamba uthibitisho umefungwa na nafasi zilizobaki zinagawiwa kwa walio kwenye orodha ya kusubiri.

Dobi aliingiza mkono mfukoni alipe.

"Nendeni tu, mzee," alisema Kasi. "Nendeni."

Jumamosi asubuhi mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa bado yanasubiri. Nesi alikuwa akiyanyunyizia maji na kuyakunja, baba yake akipiga pasi. Walifanya kazi kwa saa nzima bila neno lisilohusu mashuka. Mara moja tu Dobi alisema, akiwa bado ameinama, "Ningemwambia mtu. Ningeuliza tu, laini inawekwaje."

"Hata mimi sikujua, baba."

"Wewe mtoto. Mimi mtu mzima."

Simu ikalia juu ya rafu, na maneno yakawa yaleyale. Dobi aliyatazama, akasukuma simu upande wa bintiye kwa kidole kimoja.

"Pokea wewe."

"Mwanangu," ilisema ile sauti nzito. "Ni mimi, mwenye namba. Sikupata usingizi. Nimejigeuza mpaka kitanda kimenichoka. Nikasema, nimemcheleweshea mtoto wa watu. Niambie ukweli, usinifiche. Ilikubali?"

Nesi alitazama dirishani. Nje Shangazi alikuwa akianika mashati, akiyabana kwa vibanio kimoja kimoja, bila kuimba.

"Ilikubali, mama," alisema. "Dakika ya mwisho kabisa."

Upande wa pili kulipasuka kigelegele kirefu, kikapanda ghorofa zote nne za jengo lile na kushuka tena. Mwanamke alilia, akacheka, akashukuru Mungu, akajitukana mwenyewe kwa ujinga wake. "Nilikuwa na woga, mwanangu! Woga tu! Usinikasirikie. Ukimaliza hicho chuo uje uniangalie goti langu, umesikia?"

"Nimesikia. Linauma wakati gani zaidi?"

"Nikishuka. Kupanda si sana."

"Usishuke haraka. Shika ukuta, tanguliza ule mguu wenye goti bovu. Na usiku liweke juu ya mto."

"Msikie! Nesi kabisa!" Mwanamke akapenga kamasi. "Na wale wanaopiga kutaka kusukwa, nitawaambia vizuri. Nitawaambia mwenyewe ametangulia, na binti yake yuko chuoni. Haya, kaa na simu, kuna kitu nakutumia."

Nesi aliishika simu mkononi. Dobi alikuwa ameinua pasi, ameiacha hewani, anamtazama. Hakumuuliza kwa nini amedanganya. Aliirudisha pasi juu ya kigae polepole ili isitoe sauti.

Meseji ikaingia.

"Amesema nini?"

"Ametuma salio," alisema Nesi. "Si kidogo. Ameandika, tuwapigie ndugu tuwape habari njema."

Jana asubuhi, Nesi akiwa kibandani, Shangazi alikuwa amemaliza karibu salio lote la nyumba akiwapigia ndugu kutangaza, na tangu jioni halikuwepo la kuwapigia tena kuwaambia kwamba nafasi imepotea. Mjomba, kaka wa marehemu, alikuwa ameahidi kuuza mbuzi wake mnadani leo hii kwa ajili ya ada na sare.

"Mnada unaanza saa ngapi?" aliuliza Dobi.

"Saa nne."

"Na sasa hivi ni saa ngapi?"

"Tatu na nusu."

Dobi akachukua shuka jingine, akalitandaza juu ya meza, akalinyoosha kwa viganja vyote viwili kwa muda mrefu ingawa halikuwa na mkunjo. "Basi mpigie."

Nesi alitafuta jina, akabonyeza, akaiweka simu sikioni. Iliita mara moja tu. Kwa nyuma zilisikika kelele za watu wengi na mifugo, na mjomba akaanza kucheka kwa furaha hata kabla hajasalimiwa.

"Shikamoo, mjomba," alisema Nesi. "Ndiyo, ni mimi. Mjomba, ngoja. Ngoja kwanza, usimuuze."